Padri aliyeandika hoja za waliomkataa: Tarehe ya Waslavu ya Helmold wa Bosau

Vitabu vya kale vinavyosimulia jinsi dini mpya ilivyoingia katika nchi yenye dini yake ni vingi, lakini vinavyompa mwenyeji nafasi ya kueleza kwa nini anasita ni vichache mno. Tarehe ya Waslavu, yaani historia ya watu wa jamii ya Kislavu wa Ulaya, iliyoandikwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na padri Helmold wa Bosau, ni mojawapo ya vichache hivyo. Kwa sababu hiyo hasa ninaona inafaa isomwe na walimu wa historia, wanafunzi wa chuo na wapenzi wa vitabu wa Unguja na Pemba, ijapokuwa nchi inayozungumzwa iko mbali na bahari yetu. Nakala ninayoitathmini hapa ni tafsiri ya Kiingereza ya Francis Joseph Tschan, iliyotolewa na Columbia University Press, New York, mwaka 1935. Sijakiona kitabu hiki katika maduka ya vitabu ya hapa Mjini, kwa hiyo mwenye kukitaka itambidi aagize au amwombe mwenye nacho.

Helmold alizaliwa yapata mwaka 1120, akasoma Braunschweig kwa mwalimu Gerold, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wake, kisha akawekwa kuwa padri wa Bosau, kijiji kilicho kando ya ziwa Plön, kaskazini ya Ujerumani ya leo. Wakati ule sehemu kubwa ya nchi iliyo baina ya mto Elbe na Bahari ya Baltiki ilikuwa bado ya Waslavu: Wawagri, Wapolabi na Waobotriti barani, na Warani katika kisiwa cha Rügen. Walikuwa na wakuu wao, miji yao yenye maboma, vyombo vyao vya baharini na miungu yao. Magharibi yao walikaa Wasaksoni na kaskazini Wadenmarki, wote wakiwa Wakristo na wote wakiitamani ardhi ile. Helmold aliishi katika mpaka huo. Aliwajua wanaozungumzwa, alikula vyakula vyao, na mara moja aliogopa kupigwa mawe nao, kama nitakavyoeleza.

Simulizi inaanzia zama za Charlemagne, mfalme wa Wafaranki wa karne ya 8 na ya 9, na kufika mwaka 1171. Sehemu ya mwanzo isisomwe kwa matumaini makubwa, kwa sababu mambo yaliyotangulia wakati wake Helmold ameyachukua kwa wingi kutoka kwa Adam wa Bremen, aliyeandika karibu karne moja kabla yake, na yapo mahali ambapo miaka na watu vimechanganyika. Faida yake ni kuonyesha kwamba habari hii haikwenda kwa mstari ulionyooka. Waslavu walibatizwa, wakaasi, wakabatizwa tena. Mwaka 983 waliinuka na kuyaangusha makanisa. Mwaka 1066 walimuua Gottschalk, mkuu wao wenyewe aliyekuwa Mkristo, na baada yake wakamuua askofu John wa Mecklenburg, mtu mzima sana, na kichwa chake kikatolewa sadaka kwa mungu wao Redigast. Helmold anasikitika, lakini hasiti kurudia kauli aliyoikuta kwa Adam, kwamba watu hawa wangekuwa Wakristo zamani lau si uchoyo wa Wasaksoni. Hiyo ndiyo kamba inayokifunga kitabu kizima, na kila mara msomaji anapodhani padri ameisahau, anairudia.

Katikati ya kitabu anasimama Vicelin, mwalimu wa Bremen aliyekwenda kusoma Ufaransa, kisha akaacha heshima za mjini na kuhamia mpakani, akaanzisha jumuiya ya mapadri mahali panapoitwa Neumünster leo, na mwaka 1149 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Oldenburg, mji wa Wawagri. Helmold anampenda mtu huyu waziwazi, na kurasa zinazomhusu zina joto la mwanafunzi anayemsifu shehe wake. Hata hivyo anaeleza bila kuficha kwamba askofu huyu mwema alinaswa baina ya askofu mkuu wa Bremen na mtawala wa Saxony, Heinrich aliyepewa lakabu ya Simba. Mtawala alidai kwamba fimbo ya uaskofu itoke mkononi mwake, na askofu mkuu akakataa kabisa. Vicelin alikubali mwishowe, mwaka 1150, kwa kuwa bila ya ridhaa ya mtawala hapangejengwa hata kanisa moja, na baada ya kukubali ndipo alipopewa kile kijiji cha Bosau ambako Helmold atakuja kutumikia. Baada ya hapo alipooza, akakaa kitandani miaka, na akafariki mwezi wa Disemba 1154.

Gerold alichukua nafasi yake, na hapa ndipo kitabu kinapofikia kilele. Katika sura za themanini Helmold anasimulia safari ya mwezi wa Januari 1156 ambayo yeye mwenyewe alikuwamo. Askofu alikwenda kusherehekea Epifania, sikukuu ya Wakristo ya mwezi huo, katika mji wake wa Oldenburg na akaukuta umehamwa: hakuna kanisa ila kijumba kidogo cha sala, na theluji na baridi vilikuwa vikali mno. Waliohudhuria misa ni Pribislav, mkuu wa Wawagri, na Waslavu wachache tu. Ibada ilipokwisha, Pribislav aliwaalika nyumbani kwake, akawaandalia meza yenye vyakula vya namna 20. Helmold anakiri kwamba siku hiyo alilishuhudia kwa macho yake jambo alilokuwa akilisikia tu, nalo ni kwamba hakuna watu wanaowashinda Waslavu kwa ukarimu kwa mgeni. Kwingine anaeleza kwamba kwao mtu aliyemnyima mgeni malazi aliweza kuchomewa nyumba yake, na watu wote wakaona amestahili.

Njiani waliingia katika kichaka cha mialoni ya kale sana, iliyowekwa wakfu kwa mungu Prove, mungu wa nchi ya Oldenburg. Hapakuwa na sanamu. Palikuwa na uwanja uliozungukwa na ua wa mbao uliojengwa kwa ustadi, wenye milango miwili, na humo watu wa nchi walikutana kila Jumatatu pamoja na mkuu wao na kuhani wao kwa ajili ya kuhukumiana. Asiyekuwa na sadaka ya kutoa hakuruhusiwa kuingia ndani, isipokuwa kuhani na yule aliyekimbia kifo, kwani huyu hakunyimwa hifadhi. Msomaji wa Pemba anayejua kijiji chenye mzimu, ambako wazee hawaruhusu mti ukatwe wala neno ovu lisemwe, hatahitaji maelezo zaidi. Askofu aliruka kutoka juu ya farasi wake, akaivunja milango, wakakusanya mbao za ua wote kuizunguka ile miti mitakatifu, wakaitia moto. Helmold hajisifu kwa ushujaa. Anasema walikuwa na hofu kwamba wenyeji wangewainukia na kuwafukia kwa mawe.

Usiku huo walipokewa na mtu mwenye nguvu aliyeitwa Thessemar, akawakirimu vizuri. Lakini Helmold anasema vinywaji havikuwa na utamu, kwa maana waliona humo pingu na vyombo vya mateso vilivyoandaliwa Wakristo waliotekwa kutoka Denmark, na wakawaona mapadri waliokonda kwa kifungo kirefu, wasiweze kuwasaidia kwa nguvu wala kwa ombi. Ninalitaja hili ili nisije nikaeleweka kwamba kitabu kinawapaka Waslavu rangi ya watu wasio na hatia. Mwenyeji mkarimu na mteka watu wanakaa katika nyumba moja, na padri ameandika yote mawili bila kulifuta moja kwa ajili ya jingine.

Jumapili iliyofuata, watu wote wa nchi wakiwa wamekusanyika sokoni Lübeck, Gerold aliwahutubia waache sanamu na kumwabudu Mungu mmoja. Pribislav akajibu, na jibu lake ndilo linalokipa kitabu hiki thamani yake. Alisema kwamba maneno ya askofu ni maneno ya Mungu na yanafaa kwa wokovu wao. Lakini wataishikaje njia hiyo nao wamefungwa na mabaya mengi kiasi hiki? Wakuu wa Kisaksoni wanawatendea kwa ukali hata kifo kimekuwa bora kuliko uhai. Mwaka ule tu, wao wakaazi wa pembe ndogo ile ya nchi walikuwa wamelipa mark 1,000 (mark ni kipimo cha fedha cha wakati ule) kwa mtawala, na mamia mengine kwa liwali, na bado hawakuachwa. Watajengaje makanisa na kupokea ubatizo watu ambao kila siku wanafikiria kukimbia? Na wakimbilie wapi? Wakivuka mto Trave wanakuta taabu ile ile, na wakienda mto Peene hali ni moja. Basi lililobaki ni kuiacha ardhi na kuishi juu ya mawimbi. Na kama waliofukuzwa wanaisumbua bahari na kuchukua masurufu kwa Wadenmarki na wafanyabiashara wanaopita, kosa si la wale waliowafukuza?

Askofu alijibu kwamba wakuu wanaona si dhambi kubwa kuwatesa wanaoabudu sanamu, na kwamba Wasaksoni wanakaa kwa utulivu kwa sababu ni Wakristo. Pribislav hakuliacha hilo lipite. Alisema wapewe basi haki za Wasaksoni katika mashamba na mapato, nao kwa furaha watakuwa Wakristo, watajenga makanisa na kutoa zaka. Tazama jinsi mazungumzo yalivyogeuka: mhubiri alikuja na habari ya akhera, akajibiwa kwa hoja ya ardhi na kodi, na hoja hiyo haikupata jibu. Baadaye mtawala mwenyewe aliwaita Waslavu Artlenburg awahimize juu ya dini, na Niklot, mkuu wa Waobotriti, akamwambia kwamba Mungu aliye mbinguni na awe Mungu wa mtawala, na mtawala awe mungu wao, nao yatosha. Mtawala alimkaripia, lakini mambo hayakuendelea zaidi, kwa sababu, anavyosema Helmold, alikuwa amerudi Italia karibuni na hazina yake ilikuwa tupu, kwa hiyo alikuwa ameshughulika na kutafuta mali. Hata kabla ya hapo padri alikwisha kuandika kwamba katika misafara yote aliyoifanya mtawala huyo, angali kijana, katika nchi ya Waslavu Ukristo haukutajwa, ilitajwa fedha tu. Hakuna mtu aliyemlazimisha kuiandika sentensi hiyo. Kitabu alikitunga kwa ajili ya makanoni, yaani mapadri wa kanisa kuu, wa Lübeck, watu wa kanisa lake, nao wangeridhika na sifa peke yake.

Sisi tunazo tarehe zetu. Ile ya Kilwa inatueleza jinsi wageni waliohusishwa na Shiraz walivyofika na jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kwa nguo, na ile ya Pate inafuata wafalme wa Nabahani mmoja baada ya mmoja. Ni hazina ambazo hatuwezi kuandika historia ya pwani bila yao. Lakini mwenyeji aliyeuza kisiwa anapita upesi katika simulizi, na hoja zake hatupewi kwa urefu anaopewa Pribislav. Nimelisema hili kwa kuwa vijana wengi wanaosoma historia ya kuenea kwa dini, iwe Uislamu au Ukristo, wanapokea mambo mawili tu: tarehe ya jengo la kwanza na jina la mtawala wa kwanza. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na sote tumeyasikia tangu shule. Walichosema watu wa Kizimkazi walipousikia ujumbe mara ya kwanza, wakiwa baharini au mashambani, hakukuwa na mtu wa kukiandika. Kusoma Helmold kunamfundisha mwanafunzi kulitambua pengo la namna hiyo na kuuliza nani alizungumza na nani hakuandikwa.

Hata hivyo kitabu kina udhaifu, na mwalimu atakayekipeleka darasani auone kwanza. Wasaksoni, Wadenmarki na kanisa waliacha maandishi, Waslavu wa nchi ile hawakuacha, kwa hiyo hata Pribislav tunamsikia kwa Kilatini cha padri, na huenda hotuba imepambwa. Habari za miungu zimepita katika akili ya mtu aliyeiona miungu hiyo kuwa upotofu mtupu. Mfano ulio wazi ni Svantevit, mungu mkuu wa Warani, aliyekuwa na hekalu Arkona, kwenye ncha ya kaskazini ya Rügen. Helmold anaamini kwamba watawa wa Corvey waliwahi kuwabatiza watu wa kisiwa hicho na kuwajengea kanisa la Mtakatifu Vitus, na kwamba waliporudi nyuma wakamgeuza mtakatifu huyo kuwa mungu wao. Wanahistoria wengi wa leo hawaikubali habari hii, na monasteri ya Corvey ilikuwa na maslahi yake katika kudai kisiwa. Anasema pia kwamba kila mwaka Mkristo mmoja alitolewa sadaka kwa kura. Hapo msomaji akumbuke kwamba adui wa Warani ndiye anayezungumza.

Lakini hata katika habari za Rügen yapo mambo ambayo mtu wa visiwani atayasoma kwa raha. Mwezi wa Novemba, upepo unapovuma kwa nguvu, samaki aina ya heringi walikuja kwa wingi, na wafanyabiashara wa kigeni waliruhusiwa kuvua kwa uhuru ilimradi wamlipe kwanza mungu wa nchi haki yake. Padri mmoja wa Bardowick alifuatana nao ili awasalishe. Kuhani wa Warani akatangaza kwamba miungu imekasirika na haitatulia ila kwa damu ya padri huyo. Wafanyabiashara walitoa mark 100 zikakataliwa, basi usiku wakatweka matanga na kuondoka na vyombo vyao vimejaa samaki. Msimu, ushuru, mgeni na hasira ya mwenye bahari vimo vyote katika kisa cha ukurasa mmoja. Na watu hao hao ambao anawaita wakatili, Helmold anawasifu kwamba kwao hapakuonekana maskini wala ombaomba, kwa kuwa mzee au mgonjwa alikabidhiwa mara moja kwa mrithi wake amtunze. Mwaka 1168 mfalme Valdemar wa Denmark aliiteka Arkona, na sanamu ya Svantevit ikakatwakatwa na kutiwa motoni.

Habari ya vita vya msalaba vya mwaka 1147 ni fupi, lakini isirukwe. Majeshi yalikwenda kwenye maboma ya Dobin na Demmin kuwaadhibu Waslavu, na watu wa watawala wa Kisaksoni wakaanza kuulizana kama ardhi wanayoiharibu si yao, na watu wanaopigana nao si watu wao, kwani ukiharibu nchi inayokulipa kodi umejiharibia mwenyewe. Vita viliisha kwa Waslavu wengi kubatizwa kwa uongo na kuahidi kuwaachia mateka wa Kidenmarki, na waliowaachia ni wazee na wasio na faida.

Sura za mwisho ni nzito. Baada ya Rügen kutekwa, Wadenmarki hawakumpa Heinrich sehemu ya ngawira aliyoidai, na mtawala huyo Mkristo akawafungulia Waslavu waliokwisha kuwa chini yake waende kuishambulia Denmark ya Kikristo. Helmold anasema alisikia kwamba siku ya soko huko Mecklenburg walihesabiwa mateka wa Kidenmarki 700, wote wakiuzwa, kama wangepatikana wanunuzi wa kutosha. Sisi ambao kanisa kuu la Mkunazini tunalipita tukijua kwamba limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, hatuwezi kulisoma sentensi hiyo kwa haraka. Nililotamani ni kwamba Helmold angekaa hapo kidogo zaidi. Hakukaa. Katika kurasa chache anafunga kwa furaha kwamba nchi yote ya Waslavu, iliyokuwa ya kuogopewa kwa mavizio na karibu kuwa tupu, sasa imekuwa kama koloni moja la Wasaksoni, yenye miji, vijiji na makanisa. Hapa ndipo ninapoachana naye. Mtu aliyeinukuu hotuba ya Pribislav alikuwa na uwezo wa kuuliza Wawagri wamekwenda wapi, naye anajua kwamba liwali Adolf alituma watu Flanders, Holland, Utrecht, Westphalia na Frisia kuwaita walowezi waje wachukue mashamba. Lugha za Waslavu wa sehemu zile zilikufa, na ile ya mwisho kando ya Elbe ilizimika katika karne ya 18. Majina yamebaki: Lübeck, Rostock na Schwerin ni majina yenye asili ya Kislavu, ingawa wakaazi wake leo ni Wajerumani.

Kuhusu tafsiri yenyewe, Tschan ameifanya kazi kwa uaminifu. Helmold anaandika kwa maneno ya Biblia karibu katika kila ukurasa, na mtafsiri ameihifadhi sauti hiyo, kwa hiyo Kiingereza chake ni kizito na cha zamani kidogo. Mwenye Kiingereza cha kidato cha sita ataweza kukisoma, ila polepole. Utangulizi na maelezo yake ni ya mtu aliyeijua kazi, na yanamwokoa msomaji katika tatizo kubwa la kitabu hiki, nalo ni majina. Kuna Heinrich mkuu wa Waslavu na Heinrich mtawala wa Saxony. Kuna Gottschalk mkuu na Gottschalk padri. Kuna Pribislav huyu wa Wawagri na Pribislav mwana wa Niklot, ambaye baba yake aliuawa mwaka 1160 na yeye mwenyewe, baada ya kupigana na kubatizwa, akarudishiwa sehemu kubwa ya nchi mwaka 1167 na kuwa babu wa watawala wa Mecklenburg. Bila ya kuandika orodha pembeni na kuweka ramani ya Baltiki karibu, msomaji atapotea kabla ya kufika katikati.

Kwa anayekisoma mara ya kwanza ninapendekeza asianze mwanzo. Aanze na sura za Vicelin, aende kwenye safari ya Oldenburg na Lübeck, ndipo arudi kwa Gottschalk na uasi wa 1066, kwani atakuwa amekwisha kujua uasi huo ulitokana na nini. Mwalimu wa kidato cha tano au cha sita anaweza kuichukua hotuba ya Pribislav peke yake, aitie katika Kiswahili, na ikamtosha kwa vipindi viwili vya mjadala. Na atakayetaka kujua Heinrich Simba aliishia wapi asimtafute kwa Helmold, ambaye aliacha kuandika kabla mtawala huyo hajaanguka. Habari hizo zimo katika tarehe ya Arnold wa Lübeck, aliyeliendeleza simulizi hadi mwaka 1209.